Alama Moja, Majina Mawili

Asubuhi jua lilipopanda juu ya mapaa ya ng'ambo ya barabara, mwanga uliingia katika chumba cha ushonaji kupitia vitambaa vilivyotundikwa dirishani. Ukipita kwenye kitambaa cha bluu, ukuta wote uligeuka bluu. Upepo ukivuma kidogo, ukuta uligeuka rangi ya machungwa. Kimya alikuwa amekaa mbele ya cherehani yake, mguu juu ya pedali, akiutazama ukuta tu.

"Wifi, umeshasafiri tena," alisema Sukari kutoka upande wa pili wa meza.

"Niko hapa hapa."

"Mwili ndio uko hapa. Wewe mwenyewe sijui umefika wapi. Ukirudi uniletee zawadi."

Kimya alitabasamu. Akakanyaga pedali, na cherehani mbili zikaanza kwenda pamoja. Zilikuwa na mlio kama mvua ya mbali.

Hayo hayakuwa majina waliyopewa na wazazi wao. Yalikuwa majina ya mtaani. Sukari aliitwa Sukari kwa sababu ya ulimi wake. Mteja alikuja amefura kwamba suruali inambana. Sukari alimwambia maneno mawili matatu, na mteja aliondoka akicheka, akiamini kwamba ni yeye aliyenenepa. Wahenga walisema maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Kimya yeye hakuwa na maneno mengi. Watu walipoingia, alitikisa kichwa kuwasalimu, kisha akaendelea na mshono wake.

Sukari alikuwa mke wa kaka yake Kimya. Kaka huyo alikuwa mchimba visima. Kazi yake ilimpeleka miji ya mbali, na nyumbani alirudi kwa nadra. Basi mawifi hao wawili walikaa pamoja, wakala pamoja, wakafanya kazi pamoja. Chumba cha ushonaji walikikodi pamoja. Meza kubwa ya kukatia waliinunua pamoja. Majirani walisema wale ni chanda na pete.

Mambo yao yalikwenda hivyo, taratibu, mpaka hoteli mpya ilipofunguliwa mwisho wa mtaa. Wageni wa hoteli hiyo walitoka nchi nyingi. Walipita barabarani polepole, wakisoma vibao vya maduka.

"Na sisi tuweke kibao," alisema Sukari. "Cha Kiingereza. Mgeni akipita ajue humu ndani kuna mafundi."

Walimwita Fundi Rangi, aliyekuwa akichora vibao vya mtaa mzima. Alikuja na makopo yake, akaegemeza ngazi ukutani.

"Niandike nini, dada zangu?"

"Andika kwamba hapa ni ushonaji wa Sukari na Kimya," alisema Sukari. "Majina yote mawili. Usisahau la wifi yangu."

Fundi Rangi alichora asubuhi nzima. Alipomaliza, kibao kilikuwa cheupe na maandishi yake mekundu. Kilisomeka hivi: SUKARI'S AND KIMYA'S TAILORING.

Kimya alitoka nje kukitazama. Alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, katika darasa la watu wazima. Alisoma polepole, akifuata herufi kwa kidole hewani. Neno la katikati alilijua, lilikuwa "na". Neno la mwisho waliambiwa ni "ushonaji". Lakini kidole chake kilisimama kwenye alama ndogo iliyoning'inia karibu na jina lake.

"Fundi, hiki ni nini? Nimewahi kukiona kwenye ng'ombe."

"Ndicho hicho," alisema Fundi Rangi, akifuta brashi. "Kinaitwa ritifaa. Kwenye Kiswahili kinakaa ndani ya ng'ombe na ng'oa. Kwenye Kiingereza kinakuja na herufi S, kinaonyesha mwenye mali."

"Mbona viko viwili?"

"Ninyi si wawili? Kila mtu nimempa chake, msije mkagombana."

Sukari alicheka, akampa chai. Kimya alibaki nje kidogo. Jina lake lilikuwa juu pale, limesimama lenyewe, na alama yake yenyewe. Jua lilikuwa likikausha rangi, na lile jina lilimetameta kama limeoshwa. Alijisikia vizuri, wala hakujua ni kwa nini.

Baada ya kibao kupanda, wiki haikupita. Siku moja Kimya alikwenda kununua uzi. Aliporudi, alimkuta Sukari amesimama mlangoni akimsubiri.

"Wifi, tumepata mapazia. Mapazia ya hoteli. Meneja amekuja mwenyewe, kwa miguu yake."

"Ya hoteli nzima?"

"Nzima. Kesho analeta kitambaa."

Mchana huo Kimya alishona huku akiona madirisha. Aliona madirisha mengi, yote wazi, na mapazia yakipumua kama watu waliolala.

Kesho yake meneja alikuja. Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani na sauti ya chini. Wafanyakazi wake walibeba majora ya kitambaa kizito, rangi ya mchanga uliolowa. Wakayapanga upande wa Sukari. Kimya aliinuka, akaenda kukipapasa kile kitambaa kama anavyofanya fundi yeyote.

Meneja aliweka mkono wake juu ya jora, taratibu.

"Samahani, mama. Hii ni kazi ya mama huyu hapa. Nimeelewana na yeye. Sipendi kitambaa cha hoteli kitembee biashara mbili. Likitokea tatizo, nitamuuliza nani?"

Kimya aliurudisha mkono wake. Alifikiri amesikia vibaya.

"Siku nyingine, Mungu akipenda, nitakuletea na wewe kazi yako," meneja aliongeza kwa adabu. Kisha akamgeukia Sukari. "Tumeelewana, mama?"

Sukari alikuwa amepiga magoti karibu na majora, midomo imebana pini. Alizitoa pini moja moja. Alimtazama meneja, akamtazama wifi yake, akayatazama majora.

"Sawa, Bwana Meneja," alisema mwishowe.

Meneja aliondoka. Kimya ndiye aliyeanza kusema, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Jana ulimwambia nini?"

"Sikumwambia kitu."

"Hukumwambia kitu, naye akajua kwamba mimi ni biashara nyingine?"

"Haki ya Mungu, wifi, hata mimi sikumwelewa. Kwanza nilidhani anatania."

"Ulimjibu sawa. Mtu akitania hajibiwi sawa."

Kimya hakuuliza tena. Kikulacho ki nguoni mwako, aliwaza. Akaikokota cherehani yake mpaka kwenye dirisha la nyuma. Miguu ya cherehani ilikwaruza sakafu, ikaacha mistari miwili. Kisha alichukua shuka jeupe, akalitundika kwenye kamba katikati ya chumba.

Tangu siku hiyo kila mmoja alifanya kazi upande wake. Asubuhi jua liliingia kupitia dirisha la mbele, na kivuli cha Sukari kilitokea kwenye shuka. Kimya alikiona kikiinama, kikinyoosha mkono, kikivuta kitambaa. Kilikuwa kivuli kikubwa, kisicho na sura, na kiliyumba kila shuka lilipoyumba. Wakati mwingine alikitazama mpaka akasahau ni cha nani.

Kimya alishona mashati ya shule. Mashati yalipokwisha, alichukua kipande cha kitambaa cheupe akaanza kudarizi, kazi aliyofundishwa na bibi yake alipokuwa mdogo. Alidarizi ndege. Hakuwa ndege wa kweli. Mkia wake uligeuka tawi, tawi likatoa majani, majani yakageuka mawingu. Sindano ilizama na kuibuka, ikazama na kuibuka, naye alijiona anatembea ndani ya kitambaa, chini ya miti ya uzi, mahali ambapo hakuna anayemwita mwingine. Alipoinua kichwa, jua lilikuwa limeshahama ukuta.

Nyumbani walikula pamoja kama zamani. Lakini maneno yalikuwa yale ya lazima. Nipe chumvi. Asante. Umefunga mlango? Nimefunga. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe waliusikia wote wawili kila walipotia tonge mdomoni.

Mapazia nayo hayakwenda. Kitambaa kile kilikuwa kizito, kilihitaji watu wawili. Mmoja ashike na kunyoosha, mwingine ashone. Sukari alishona peke yake, pindo likaenda upogo. Akafumua. Akashona tena, likaenda upogo upande wa pili. Akafumua tena. Kimya alisikia uzi ukikatika, krr, krr, na mtu akivuta pumzi. Mara moja aliinuka aende akamshikie. Alifika hata kwenye shuka, akaligusa kwa vidole. Kisha akasikia moyoni mwake ile "sawa, Bwana Meneja," akarudi akakaa.

Sasa, juu ya chumba chao aliishi mwanamke mmoja aliyefanya kazi mahakamani. Kazi yake ilikuwa kutafsiri. Shahidi akisema kwa lugha moja, yeye aliyasema maneno hayo kwa lugha nyingine, bila kupunguza wala kutia chumvi. Mtaa mzima ulimwita Mkalimani. Alasiri moja alishuka na sketi mkononi, apunguziwe kiuno.

Aliingia, akasimama. Alitazama upande wa Sukari. Alitazama upande wa Kimya. Alilitazama lile shuka.

"Kumbe ni kweli," alisema. "Mimi nilidhani ni makosa ya fundi wa kibao."

"Kweli gani, dada?" aliuliza Sukari.

"Kwamba mmegawana. Nilisoma pale nje nikajiambia, hawa siku zote wako pamoja, vipi kila mmoja awe na ushonaji wake? Nikasema labda fundi amekosea. Sasa naona amepatia."

Kimya alitoka nyuma ya shuka, uzi ungali mkononi.

"Umesoma wapi kwamba tumegawana?"

"Kwenye kibao chenu."

"Kibao kinasema ushonaji wa Sukari na Kimya," alisema Sukari.

"Hakisemi hivyo. Kinasema ushonaji wa Sukari, na ushonaji wa Kimya. Kila mtu na wake." Mkalimani aliwatazama wote wawili. "Hamkujua?"

Sukari alikaa polepole juu ya jora la kitambaa.

"Meneja," alisema. "Meneja anasoma Kiingereza."

Kimya alijihisi kama mtu aliyeamshwa katikati ya ndoto, asijue bado yuko chumba gani. Siku zote hizo alikuwa amemlaumu wifi yake kwa neno ambalo wifi yake hakulisema. Kilichosema ni kibao.

"Dada," alimwambia Mkalimani, "kaa. Tueleze."

Mkalimani alikaa. Aliomba chaki, ile ya kuchorea nguo, akaanza kuandika juu ya meza ya kukatia.

"Kwa Kiswahili tunasema meza ya Sukari. Kitu kinatangulia, mwenyewe anafuata. Kiingereza kinageuza. Mwenyewe anatangulia, halafu ritifaa, halafu S, halafu kitu." Akaandika: *Sukari's table*. "Mpaka hapo mko pamoja nami?"

"Tuko," walisema.

"Haya. Meza hii ni ya nani?"

"Yetu sote," alisema Sukari. "Tuliinunua pamoja."

"Basi ni meza moja, wenyewe wawili. Hapo tunaweka alama moja tu, kwenye jina la mwisho." Akaandika: *Sukari and Kimya's table*.

Kimya alisoma kwa kidole. Jina la Sukari halikuwa na kitu. Jina lake lilikuwa na alama.

"Kwa nini mimi ninayo na yeye hana?" aliuliza. "Wa kwanza hana haki?"

"Anayo. Ungeandikwa wewe kwanza, alama ingekwenda kwake. Haimfuati mtu, inafuata mwisho." Mkalimani alifikiri kidogo, akaokota kipande cha uzi. "Ninyi mkishona pindo, mnafunga fundo kila mnapochoma sindano?"

"Hapana. Mwishoni."

"Na fundo hilo moja linashika mshono wote?"

"Wote."

"Ndiyo kazi ya alama hii. Iko mwisho, lakini imeshika majina yote yaliyotangulia."

Sukari alitikisa kichwa. Kidogo kidogo sauti yake ilianza kurudi.

"Na vikombe vyetu?" aliuliza. "Mimi nina changu chenye maua, yeye ana chake cha bati. Hatubadilishani. Chake kinaunguza midomo."

"Hapo ndipo kila mtu anapata alama yake." Mkalimani akaandika: *Sukari's and Kimya's cups*. "Kikombe cha Sukari, na kikombe cha Kimya. Mnaona S ya mwisho, kwenye neno la vikombe? Hiyo ni ya wingi tu. Haimiliki kitu, kwa hiyo haina alama. Watu wengi wanakosea hapo. Wakiona S yoyote wanaipachika ritifaa kama kofia."

Kimya aliomba chaki. Aliandika polepole, ulimi umebana kati ya meno, kuhusu mwavuli mmoja waliokuwa wakiutumia wote: *Sukari and Kimya's umbrella*. Tahajia ya mwavuli Mkalimani alimsaidia. Kisha akaandika kuhusu cherehani zao, ambazo kila mmoja alikuja na yake: *Sukari's and Kimya's machines*.

"Umepatia," alisema Mkalimani. "Zote mbili."

"Na mume wangu?" aliuliza Sukari. "Mimi ni mke wake, huyu ni dada yake. Tunammiliki pamoja au kila mtu na wake?"

Mkalimani alicheka mpaka akashika mbavu. "Huyo mwandikeni mara mbili, kila mtu na sentensi yake. *Sukari's husband. Kimya's brother*. Mtu ni mmoja, lakini hamna naye uhusiano mmoja."

Hata Kimya alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, lakini Sukari alikisikia, akageuza uso haraka kama aliyeingiwa na vumbi jichoni.

Mkalimani aliweka chaki chini.

"Sasa tuje kwenye kibao. Neno hili *tailoring*, ushonaji, halina wingi. Halibadiliki. Kwa hiyo msomaji hana pengine pa kutazama ila kwenye alama. Zikiwa mbili, ni biashara mbili. Ikiwa moja, ni biashara moja. Fundi Rangi hakukosea Kiingereza. Maneno yale ni sahihi kabisa, kama kila mmoja wenu ana ushonaji wake."

"Basi tuambie tuiweke wapi," alisema Sukari.

"Siwezi. Hilo si la Kiingereza. Niambieni kwanza ninyi. Ushonaji huu ni wa nani?"

"Wetu," alisema Sukari mara moja.

Mkalimani alimtazama Kimya. Nje gari lilipita, na vitambaa vya dirishani vilicheza kidogo, na rangi zikatembea juu ya meza, juu ya maandishi ya chaki, juu ya mikono yao.

"Mimi nilizipenda zile alama mbili," Kimya alisema mwishowe.

Sukari alimwachia nafasi aendelee.

"Nguo nikishona mimi, watu wanasema wameshonewa kwa Sukari. Nikipita barabarani wanasema yule ni wifi yake Sukari. Siwalaumu. Wewe ndiye unayezungumza nao. Lakini pale juu jina langu lilikuwa na alama yake. Nilijiona."

"Hukuniambia hata siku moja," alisema Sukari.

"Ningesemaje?"

"Hivyo hivyo ulivyosema sasa." Sukari alivuta pumzi. "Na mimi nina langu. Meneja aliposema biashara mbili, kweli sikumwelewa. Lakini nilielewa kwamba anakutoa wewe. Ningesema neno moja tu, kwamba huyu ni mwenzangu. Niliogopa atachukua majora yake aende. Nikasema sawa. Hilo ni langu peke yangu, wifi, wala kibao hakihusiki. Nisamehe."

Kimya alilitazama shuka jeupe. Kutoka upande huu halikuwa na kivuli chochote. Lilikuwa shuka tu.

Akaenda nyuma yake, akarudi na kile kipande cha kitambaa. Alikitandaza juu ya meza, juu ya chaki. Sukari aliinama. Alimfuata yule ndege kwa kidole, kutoka mdomo mpaka mkia, kutoka tawi mpaka jani, kutoka jani mpaka wingu.

"Huyu siwezi kumshona," alisema. "Hata nikipewa mwaka."

"Huyu ni wangu," alisema Kimya. "Mapazia, mashati, suruali za watu, vyote hivyo ni vyetu. Kudarizi ni kwangu. Naweza kukaa hivyo?"

"Unaniuliza mimi? Si tumefundishwa sasa hivi? Meza moja, vikombe viwili."

Mkalimani alikuwa ameshainuka. "Sketi yangu naiacha," alisema. "Mtajua wenyewe ni ya nani kati yenu." Akapanda ngazi kwenda kwake.

Walilishusha shuka. Kila mmoja alishika pembe zake mbili, wakalikunja kama wanavyokunja mashuka ya nyumbani, wakisogeleana, wakiachana, wakisogeleana tena. Kisha walilishika lile pazia la upogo. Kimya alinyoosha, Sukari alishona. Pindo likaenda sawa kama maji kwenye mfereji.

Fundi Rangi aliitwa. Walimweleza, naye akasikiliza huku akikuna kidevu.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyewatenganisha," alisema.

"Wewe ulituandika tu," alisema Sukari. "Tulikuwa hatujajisoma."

Alipanda ngazi, akaifunika kwa rangi nyeupe alama ya kwanza na S yake. Akasogeza herufi, akapaka upya. Alishuka, wakasimama wote barabarani kutazama. Kimya alisoma kwa sauti, na safari hii hakuhitaji kidole: SUKARI AND KIMYA'S TAILORING.

"Na nyumbani kwangu," alisema Fundi Rangi, akikusanya makopo, "lango limeandikwa jina langu na la mke wangu, kila jina na alama yake. Ngoja niwahi kabla hajajifunza Kiingereza."

Kimya ndiye aliyekwenda hotelini. Sukari alitaka kumsindikiza, lakini Kimya alisema ataweza. Meneja alimpokea ofisini, miwani usoni, sauti ya chini kama kawaida.

"Bwana Meneja," alisema Kimya, "kibao chetu kilikudanganya. Kilikuwa na alama mbili, ukasoma biashara mbili. Sisi ni biashara moja. Kitambaa chako tunakishona wawili. Likitokea tatizo, utatuuliza sote, na sote tutajibu."

Meneja alivua miwani, akaifuta. "Nami nilikuzuia mkono mbele ya meza yako mwenyewe," alisema. "Uniwie radhi, mama. Nilijua nasoma vizuri."

"Ulisoma vizuri. Sisi ndio tuliokuwa tumeandikwa vibaya."

Mapazia yalikamilika. Mawifi wale waliyapeleka wenyewe, wakayatundika chumba baada ya chumba. Katika chumba cha mwisho cha ghorofa ya juu, madirisha yalikuwa wazi. Upepo uliingia, na kitambaa kile kizito kikainuka polepole, kikashuka, kikainuka tena. Mwanga wote wa chumba uligeuka rangi ya mchanga. Kimya alisimama katikati, mikono imening'inia, akasahau kushuka kwenda nyumbani.

Meneja alipita kukagua. Alishika pindo, akaligeuza, akaridhika. Kisha akaona kitu juu ya kiti. Kilikuwa kitambaa cheupe ambacho Kimya alifungia pini zake, na pembeni mwake kulikuwa na ndege mwenye mkia wa matawi.

Alikiinua kwenye mwanga.

"Hii nayo ni kazi yenu?" aliuliza.

Kimya alitaka kujibu, lakini maneno yalichelewa kama kawaida yake. Sukari ndiye aliyemwahi.

"Mapazia ni yetu, Bwana Meneja," alisema. "Hiyo si yetu. Hiyo ni ya Kimya peke yake. Ukitaka foronya za namna hiyo, zungumza na yeye."

Akachukua ngazi waliyotundikia mapazia, akatoka nje ya chumba, akawaacha wazungumze.